Mwamba uliofungwa miezi mitatu na kumalizwa asubuhi moja: kisa cha pweza katika kijiji kimoja cha Pemba

Jina la kijiji, la mwamba na la kila mtu anayetajwa humu nimeliacha makusudi, na alama ambazo mtu wa Pemba angekitambulia kijiji nimeziondoa. Nilikuwepo tangu kikao cha kwanza mpaka ufunguzi wa pili, nikiwa mtu wa nje niliyeombwa kuisaidia kamati ya wavuvi ya shehia, yaani eneo dogo la utawala la Zanzibar, kuandika mpango wake. Sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

## Kijiji na mwamba wake

Mbele ya kijiji pana mwamba mpana unaokauka maji yakipwa. Wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwa saa mbili tatu mtu anaweza kutembea mpaka karibu na ukingo akiwa amelowa magoti tu. Hizo ndizo siku za wanawake. Hushuka kwa makundi, kanga zimefungwa kibwebwe, kila mmoja na mchokoo wake, kijiti cha kuchokolea pweza, mkononi na kikapu begani. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, yakirudi, kazi ya mwamba husimama mpaka bamvua jingine.

Mchokoaji hodari hatafuti pweza. Hutafuta jaa lake. Pweza akishakula kaa au kauri hutupa maganda mlangoni, na lundo hilo dogo la maganda meupe, pamoja na mchanga uliochimbuliwa upya na mawe machache yaliyopangwa, humwambia mwenye macho kwamba mwenye nyumba yumo. Mchokoo ukiingizwa, pweza huushika. Hapo mtu huvuta polepole mpaka kichwa kitokeze, akakigeuza nje ndani kwa mkono mmoja, kazi ikaisha.

Vijana wa kiume hawangojei bamvua. Wana mitumbwi, miwani ya kuzamia na mikuki, nao huvua penye kimo cha mtu na zaidi, siku yoyote ambayo upepo umetulia. Kwa hiyo kijiji kimoja kina uvuvi wa pweza wa namna mbili: wa miguu, ambao hutegemea maji kwa siku chache za mwezi, na wa kuzamia, ambao hauna siku. Mimi na kamati tofauti hii tulikuwa tukiiona kila siku, na bado hatukuiweka mezani. Karibu kila kilichoharibika baadaye kilianzia hapo.

Zamani pweza aliishia kwenye sufuria ya nazi au kukaushwa juani. Sasa wachuuzi hungojea dikoni, pwani mitumbwi inapofikia, na mizani zao za kuning'iniza, na pweza husafiri mpaka hoteli za Unguja, au hugandishwa na makampuni yanayouza Italia, Hispania na Ureno. Bei huwa kwa kilo na pesa hutoka papo hapo. Mama akishuka asubuhi, jioni ana ada ya chuo cha mtoto. Sitaki msomaji anayekaa mbali na bahari aichukulie kazi hii kama uharibifu tu.

## Kilichokuwa kikiharibika

Wavuvi wenyewe walitaja mambo mawili. La kwanza lilikuwa udogo. Pweza wa kiganja, ambaye zamani angeachwa, alikuwa anapakiwa kikapuni. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zimeweka kikomo cha gramu 500, lakini hapa mchuuzi alipokea chochote chenye mikono minane.

La pili lilikuwa mawe, na nilielezwa na mzee mmoja wa kike ambaye amechokoa tangu utotoni. Nitamwita Bi Mkubwa, kama tulivyokuwa tukimwita. Siku yangu ya kwanza mwambani alinisimamisha penye jiwe la ukubwa wa kinu, akainama, akalinyanyua ubavu kwa mikono miwili.

"Tazama chini, mwanangu."

Juu ya jiwe palikuwa na mwani mfupi wa kahawia. Chini, upande ambao haujaonja jua, palijaa viumbe: sponji za rangi ya chungwa na zambarau zilizotambaa kama rangi iliyomwagika, kauri aliyejivuta ndani ya gamba lake, kamba wadogo wasio na rangi, kaa wa ukubwa wa kifungo cha shati, na kiti cha pweza, kiumbe mwenye umbo la nyota, mmoja mwembamba aliyeanza mara moja kukimbia nuru. Alilirudisha jiwe kama anayemlaza mtoto, kisha akanipeleka hatua kumi mbele penye jingine, lililogeuzwa kwa nondo bamvua lililopita na kuachwa chali. Sponji zilikuwa zimekuwa utando mweupe wenye harufu. Mwani wa upande wa pili, uliofunikwa, ulikuwa umeoza. Pande zote mbili zilikuwa zimekufa.

Akasema, "Aliyegeuza alipata pweza mmoja. Mimi hapa nilikuwa nikipata kila mwezi."

Hao wadogo wasio na uti wa mgongo hawana bei sokoni na hakuna mtalii anayekuja kuwapiga picha. Lakini kaa mwenye ukubwa wa kifungo ndiye mlo wa pweza mchanga, na jiwe ndilo nyumba ya wote wawili. Mwamba huu ulikuwa umekwisha kuumia mara nyingi: joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi magharibi, na la 2016 likarudia. Matumbawe yakifa huvunjika, na mwamba hubaki na mawe yaliyolegea, rahisi kugeuzwa. Nondo ilikuwa inamalizia kazi iliyoanzwa na joto.

## Kikao, na mahali palipochaguliwa

Wazo la kufunga mwamba halikuwa letu. Mwaka 2004 wavuvi wa Kivezo wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoifungua walikuta pweza wakubwa. Habari ilienea kijiji kwa kijiji katika kisiwa kile, kisha ikavuka bahari. Pemba nako vijiji vilianza kujaribu, na wajumbe wawili wa kamati yetu walikuwa wameshuhudia ufunguzi kwa jirani. Walirudi na hamu kubwa, na hamu hiyo ilikuwa mtaji wetu wa kwanza.

Sababu ya kuchagua pweza inaeleweka ukijua maisha yake. Huyu pweza wa mwambani, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, huishi kama mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ambayo samaki hawaifikii. Anayeachwa leo akiwa na nusu kilo anaweza kuwa na zaidi ya kilo moja baada ya miezi michache. Mtu akifunga kwa ajili ya changu, matunda atayaona miaka mingi baadaye, pengine watoto wake. Akifunga kwa ajili ya pweza, atayaona kabla watu hawajakata tamaa. Tuliamua miezi mitatu. Kamati ilitaka minne, wachuuzi wakaomba miwili, na sheha, mkuu wa shehia, akasema kijiji hakijawahi kunyimwa bahari hata wiki moja, kwa hiyo tuanze na kinachovumilika. Bado naona alikuwa sahihi.

Mahali ndipo palipotushinda. Wajumbe wengi walitaka kipande kilicho karibu na kijiji, kwa sababu moja yenye nguvu: kinaonekana. Mlinzi akiketi dikoni chini ya mkungu anauona mwamba wote, hahitaji boti wala mafuta. Fedha za doria hazikuwepo. Mimi mwenyewe niliunga mkono, nikaandika katika rasimu kwamba "eneo linalindika kwa gharama ndogo".

Bi Mkubwa alinyoosha mkono akiwa amekaa upande wa wanawake, nyuma kabisa.

"Sheha, hapo mlipopachagua ni jikoni kwangu. Huko nje mimi sifiki."

Mwenyekiti alimjibu kwa heshima. "Ni miezi mitatu tu, Bi Mkubwa. Siku ya kufungua watakuwa wakubwa, na wewe utapata zaidi."

"Siku hiyo atakayetangulia kufika nani?"

Hakuna aliyejibu. Mtu alileta hoja ya maboya, mazungumzo yakaenda huko. Nilipousoma muhtasari wa kikao baadaye nilikuta katibu ameandika: "Wanawake wamekubali." Nikautia saini kama shahidi.

## Miezi mitatu ya kufunga

Tangazo lilitolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa na barua zikapelekwa shehia za jirani. Maboya yalitengenezwa kwa madumu ya mafuta ya kupikia yaliyopakwa rangi nyekundu. Mwezi wa kwanza ulipita kwa utulivu ambao sikuutarajia.

Katika bamvua la kwanza Bi Mkubwa alikuja kwa katibu na ombi: kwa kuwa wachokoaji hawana kazi mwambani, waruhusiwe kushuka bila mchokoo, warudishe mawe. Kamati ilisita, ikihofu kwamba kuingia kwa mmoja kutafungua mlango kwa wote. Mwisho walikubali kwa sharti kwamba waende pamoja, mchana, vikapu vibaki ufukweni.

Nilikwenda nao. Kazi ni ya taratibu kuliko inavyosikika. Jiwe lililogeuzwa zamani, ambalo mwani mpya umeshaota juu yake, huachwa, maana tayari limepata wakazi wa upande mpya na kuligeuza tena ni kuua mara ya pili. Lililogeuzwa karibuni hujulikana kwa weupe na harufu, na chini yake pana alama ya kitanda chake cha awali, shimo lenye umbo lake mchangani. Hurudishwa humo humo, lisikalie wenzake, libaki na upenyo wa maji kupita. Wanawake walijuana kwa mawe kama watu wanavyojuana kwa mashamba: "Hili la mama fulani, hili lilikuwa na pweza mwaka wa harusi ya fulani." Katika mpango wangu wa kurasa nyingi hapakuwa na neno moja kuhusu mawe.

Mwezi wa pili taa zilionekana usiku. Doria ilimkamata kijana akiwa na pweza wanne, naye alikuwa mtoto wa mjumbe wa kamati. Usiku ule nilidhani kila kitu kimekwisha. Baba yake ndiye aliyesimama asubuhi na kusema atalipa faini iliyoandikwa, yote, mbele ya watu, na akalipa. Baada ya hapo sikusikia mtu akisema kwamba sheria ni ya wanyonge. Wavuvi wa dago, waliokuja kutoka mbali na kupiga kambi upande wa pili wa kisiwa, walikuwa jambo jingine. Hao hawakuwa na sheha wa kumwonea haya hapa, na mara mbili walivuka maboya.

## Asubuhi ya ufunguzi

Tulichagua siku ya bamvua kubwa, tukaalika wakubwa wa wilaya, ngoma ikaletwa. Tangazo lilisema mwamba utafunguliwa "asubuhi". Hatukuandika saa.

Saa moja, maji yakiwa bado kifuani, mitumbwi ilikuwa imeshajipanga kwenye maboya. Mingine ilitoka shehia za jirani, mingine sikuijua kabisa. Mwenyekiti alikuwa bado anawapokea wageni aliposikika mtu akipiga kelele, na vijana wakajitosa. Wanawake walisimama ufukweni na michokoo yao wakingoja maji yashuke. Walingoja zaidi ya saa mbili.

Pweza walikuwa wakubwa kweli. Nilimwona mmoja ambaye mikono yake iligusa mchanga huku kijana amemwinua usawa wa kifua. Watu walishangilia, nami nilishangilia, nikapiga picha. Kisha nikaona kitu kilichonifunga mdomo. Kijana mmoja, mtoto wa watu mwenye adabu zake, alimleta jike aliyekonda, ngozi imepauka, asiye na nguvu hata ya kushika mkuki. Nilimwuliza alimtoa wapi. Akanionyesha shimo, na maji yalipopungua nikachungulia. Kwenye paa la shimo vilining'inia vishada vya mayai meupe, kila yai dogo kuliko punje ya mchele, maelfu kwa maelfu, yakiyumba na maji.

Pweza jike hutaga mara moja. Akishataga hali chakula tena; hukaa akiyapulizia mayai maji safi na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Mayai yakibaki peke yake huliwa au kuota ukungu. Vishada vile havikuwa na mtu wa kuvilinda tena, na kilo iliyopatikana ilikuwa ya nyama iliyokwisha kuisha. Hata mchuuzi aliikataa.

Maji yalipokauka wanawake waliingia kwenye mwamba uliokwisha kupekuliwa. Wengi walifanya walichokuwa wamezoea kufanya pweza wakiwa haba: waligeuza mawe. Wakiwemo wale wale walioyarudisha. Sikuwa na uso wa kuwaambia neno. Bi Mkubwa alirudi na pweza wawili kikapuni, akapita mbele ya turubai la wageni bila kusimama.

Dikoni palikuwa na mchuuzi mmoja mkubwa na pweza wa kijiji kizima kwa wakati mmoja. Bei ilishuka kabla ya adhuhuri. Ndani ya siku chache za bamvua lile, mwamba ulirudi kuwa kama ulivyokuwa kabla ya kufungwa.

## Kikao cha lawama na ufungaji wa pili

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na kikali. Kuna waliotaka jambo zima liachwe. Kilichookoa mradi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenyekiti alifungua kwa kusoma swali la Bi Mkubwa la kikao cha kwanza, neno kwa neno, akasema: "Hatukulijibu. Leo na tulijibu." Nimeona wenyeviti wengi, na wachache wana ujasiri huo.

Wachokoaji waliombwa wakae mbele. Wao ndio waliopendekeza mambo ambayo sisi wenye karatasi hatukuyafikiria. Walitaka kipande cha karibu kigawanywe, nusu ibaki wazi siku zote kwa wanaokwenda kwa miguu, na mahali pake kifungwe kipande cha nje ambacho wazamiaji ndio wanaokitegemea. Kwa njia hiyo kila upande ungefunga chake. Walitaka saa ya kufungua ifuate maji, si wageni: firimbi ipigwe maji yakiwa magotini, na siku mbili za kwanza za eneo la ndani ziwe za mchokoo peke yake, bila miwani wala mkuki. Nondo zipigwe marufuku, na kila jiwe lililonyanyuliwa lirudishwe na aliyelinyanyua, wachokoaji wenyewe wakiwa wasimamizi.

Kuhusu majike wanaoatamia nilidhani hakuna njia, kwa kuwa mtu hajui amemshika nani mpaka amtoe. Wanawake walicheka. Jike mwenye mayai, walisema, huziba mlango kwa mawe, na jaa lake halina ganda jipya, kwa sababu hali. Shimo lililozibwa lenye maganda makavu ya zamani ni la kuachwa. Kanuni hiyo inaingia katika sentensi moja na haihitaji kifaa. Ilikuwa imekaa vichwani mwa watu hawa miaka yote, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Vijana hawakukubali kirahisi. Mmoja alisema kuzuiwa siku mbili ni kunyimwa riziki, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, ana familia. Walikubali walipoahidiwa kwamba eneo la nje litafunguliwa kwao siku hiyo hiyo. Jambo la bei lilimalizwa na katibu kwa ustadi: aliwaita wachuuzi watatu wiki moja kabla, kila mmoja akataja bei yake mbele ya mwenzake, na aliyeshinda akaiandika. Kamati pia ilitenga kipande kidogo katikati ambacho hakitafunguliwa kabisa.

## Matokeo

Ufunguzi wa pili haukuwa na ngoma. Firimbi ilipigwa baada ya saa tatu. Wanawake waliingia wakitembea, si kwa kukimbia, na wakati maji yanarudi vikapu vilikuwa vizito. Nilihesabu mawe yaliyoachwa chali kwenye njia moja tuliyoizoea na sikupata hata moja. Sehemu ya nje, walikopita wazamiaji, yalikuwepo kadhaa. Bei iliyoandikwa ilisimama.

Haikuwa siku ya ushindi mtupu. Usiku wa kuamkia siku ya pili watu wa dago walivuna sehemu ya eneo la ndani kwa taa. Mtumbwi mmoja wa kijiji ulikutwa ndani ya kipande kisichofunguliwa, na mwenye mtumbwi alidai boya lilikuwa limehama. Kweli lilikuwa limehama. Faini haikutozwa, na wapo wanaonung'unika mpaka leo.

## Uchambuzi

Kufunga kulifaulu kwa sababu ambazo vijiji vingine vinaweza kuziiga: muda mfupi unaovumilika, mnyama anayelipa upesi, na faini iliyomfikia mtoto wa mkubwa. Kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya 2010, ipo na ina nguvu zake, lakini usiku ule kilichosimama ni baba mmoja.

Kosa letu kubwa lilikuwa kufikiri kwamba uhifadhi ni kile kipindi cha kufunga. Tulitumia vikao vingi kupanga siku tisini na nusu saa kupanga siku ya tisini na moja, wakati hiyo moja ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kufuta zote. Kila kanuni ya uvuvi iliyokuwa inaheshimiwa siku ya kawaida, hata ile ya kuacha nafasi kati ya mtu na mtu, ilipotea asubuhi ile kwa sababu tulikuwa tumeigeuza kuwa mashindano. Mtu mwema akiwekwa kwenye mashindano hugeuza mawe.

Uchaguzi wa mahali ulionekana kuwa wa kiufundi, kumbe ulikuwa wa haki. Kipande cha karibu ni rahisi kulinda kwa sababu ni rahisi kukifikia, na ni rahisi kukifikia kwa watu ambao hawana pengine pa kwenda. Mwanamke asiye na mtumbwi alilipa gharama yote ya miezi mitatu, na mwenye mtumbwi akachukua faida. Neno "jamii" katika mpango wangu liliwafunika wote wawili kwa shuka moja.

Kuhusu viumbe wenyewe, lazima nitofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kufunga kwa miezi mitatu humpa nafasi ya kukua pweza aliyekwisha kutua mwambani. Hakuongezi moja kwa moja idadi ya watoto katika mwamba huo huo, kwa sababu vifaranga vyake huelea baharini kwa wiki kadhaa na kuchukuliwa na mikondo kabla ya kutua. Mayai yaliyolindwa hapa huenda yakawa pweza wa kijiji kingine. Hii ni sababu ya kuvihusisha vijiji vingi, na ni sababu ya kutowaahidi watu kisichokuwemo. Kinachobaki nyumbani bila shaka ni makazi: mawe yaliyolala sawa, na kaa, kauri na sponji chini yake. Kama ningeulizwa nichague kati ya kufunga bila kanuni ya mawe na kanuni ya mawe bila kufunga, ningechagua mawe.

Upimaji ulikuwa dhaifu na sina cha kujitetea. Daftari la kamati lilianza siku ya ufunguzi wa kwanza. Hatukuwa na hesabu ya kabla, wala ya mwamba jirani usiofungwa, kwa hiyo siwezi kusema kwa tarakimu faida ilikuwa kiasi gani. Tuna uzito wa siku za sherehe tu, na siku hizo hupendeza daima. Kijiji kinachotaka kuanza kipime pweza wake kwa mabamvua kadhaa kabla ya kufunga, hata kama ni kwa mizani ya mchuuzi na daftari la mtoto wa shule, na kiandike pia nani amevua, kwa miguu au kwa mtumbwi. Safu hiyo moja ingetuonyesha mapema kile Bi Mkubwa alichokiona bila daftari.

Na kuna waliobeba mzigo wetu bila kuulizwa. Kwa miezi mitatu wazamiaji wetu hawakuacha kuvua, walihamia miamba ya shehia mbili za jirani. Tuliwapelekea barua ya tangazo. Hatukuwapelekea swali. Mitumbwi iliyokuja asubuhi ya ufunguzi wa kwanza, ambayo tuliiita ya wavamizi, kwa upande wao ilikuwa imekuja kudai deni.

Shehia hizo mbili sasa zimeomba kushiriki doria ya usiku na kupanga ufungaji wa tatu kwa pamoja. Kamati imewajibu kwa barua kwamba iko tayari, kwa sharti kwamba ujumbe wao uje na wachokoaji, na mawe ya kwao yahesabiwe kabla ya kikao.